Ulikuja Saa Ngapi?

Mama yangu ana miaka 67 na hajawahi kuiona bahari. Amelima Mvumi tangu alipoweza kunyanyua jembe. Dodoma mjini anakuja akiwa na shida ya kuja. Morogoro alifika mara moja, msibani. Dar es Salaam alifika mara moja, hospitali, na alipotolewa wodini tukampandisha basi siku hiyo hiyo kurudi nyumbani. Bahari ilikuwa mwendo wa daladala moja tu, na hakuna aliyewaza kumpeleka akaione. Mimi nilikuwepo. Sikuwaza.

Mwaka huu nimeamua kumpeleka Jambiani. Kwa asiyepajua, ni kijiji kirefu cha pwani ya kusini mashariki ya Unguja, kati ya Paje na Makunduchi, nyumba zake zimefuatana na bahari kwa kilomita kadhaa. Ni moja ya vile vijiji ambavyo vitabu vya wageni vinaviita paradiso tulivu: mchanga mweupe, minazi, ngalawa, watu wenye tabasamu, saa iliyosimama. Nimeipanga safari hii kwa miezi miwili sasa, na katika kuipanga nimekasirika. Nayaandika haya nikiwa bado na hasira, kwa sababu nikisubiri ipoe nitaandika kistaarabu, na kistaarabu nilishaandika mara moja nikaharibu.

Nilianza kwa kutafuta kitu cha kumsomea mama. Macho yake hayamudu tena herufi ndogo, lakini kusomewa anapenda kuliko redio. Nikasema nitamtafutia maelezo ya Jambiani kwa Kiswahili, ya mtu aliyekwenda akarudi akasimulia, ili ajue anakokwenda. Nilitafuta jioni nne. Kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano yamejaa hadi yanamwagika. Kwa Kiswahili nilipata matangazo ya viwanja, habari za viongozi waliokwenda kuzindua kitu, na makala chache za waandishi wa habari. Moja kati ya hizo chache ni ya kwangu. Nitairudia, maana aibu yenyewe imelala humo.

Nikahamia kutafuta malazi. Niliiandikia nyumba moja ya wageni, kwa Kiswahili safi, nikiomba bei ya chumba cha watu wawili, mmoja mtu mzima asiyeweza ngazi. Nikajibiwa kwa Kiingereza na kwa dola. Nikaandika tena, nikaomba bei kwa shilingi. Safari hii walijibu kwa Kiswahili: wageni wako wanafika lini, na wanatoka nchi gani? Yaani mtu akiandika Kiswahili basi ni dereva au dalali wa watalii, mtalii mwenyewe hawezi kuwa yeye. Nikamweleza kwamba mgeni ni mama yangu na anatoka Mvumi. Hadi leo sijajibiwa.

Tafakari hilo kidogo. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, hiki tulichofundishwa darasani Dodoma na Kigoma na Musoma. Mtoto wa Kigogo amechapwa fimbo kwa kukosea ngeli za lugha ya kisiwa kile, halafu siku anayoitumia kuomba chumba kisiwani, anaulizwa wageni wake wako wapi.

Lakini nisiwageukie wenye nyumba za wageni peke yao. Wao wanafanya biashara na walioandikiwa. Kosa kubwa ni letu tunaoandika.

Mama aliponiona nahangaika na simu aliniuliza maswali matatu. Kule tunafikia kwa nani? Wanakula nini? Na watu wa kule asubuhi wanaamkia wapi? Nilicheka, kisha nikagundua kwamba katika kurasa zote nilizosoma jioni zile nne hakuna hata moja iliyojibu lolote kati ya hayo matatu. Zilinieleza aina za mito ya kulalia. Zilinieleza mahali pa kujifunzia mchezo wa tiara ya majini. Kijiji chenyewe, chenye shule, misikiti, makaburi, ugomvi wa mipaka na watoto wanaochelewa darasani, kilitajwa kama mapambo ya nyuma kwenye picha.

Hilo la kwanza, tunafikia kwa nani, ndilo linaloniumiza. Kwetu safari ilikuwa ni kwa mtu. Ukisema unakwenda kutembea, maana yake unakwenda kwa shangazi, kwa mjomba, kwa rafiki uliyesoma naye. Kiswahili chenyewe bado kinasema hivyo. Kwenda mahali ambako hakuna anayekungoja, ukalipa ili usiongee na mtu, kwa mama ni jambo la mtu aliyefukuzwa nyumbani.

Sasa aibu yangu. Miaka 6 iliyopita jarida moja lilinituma Unguja kuandika habari za mkutano, na nilipopata nafasi nikakimbilia Jambiani. Nilifika alasiri, kama saa kumi hivi. Maji yamejaa hadi kwenye mizizi ya minazi, wazee wamekaa barazani, paka wanalala, hakuna mwendo. Nikalala usiku mmoja, saa kumi na mbili asubuhi nikawa kwenye gari kuwahi boti. Nikaandika kurasa mbili. Nilikiita kijiji kilicholala usingizi mtamu kando ya maji. Niliandika kwamba pale mtu hushindani na saa. Mhariri alisifu, marafiki walisambaza, mimi nikajiona mwandishi.

Wiki mbili baadaye simu ikaita, namba ngeni. Kijana aliyenipangishia chumba alikuwa amemsomea shangazi yake ile makala, na shangazi akaomba namba yangu.

"Wewe ndiye ulosema Jambiani imelala?"

"Shikamoo. Ndiyo, ni mimi."

"Marahaba. Mwanangu, ulikuja saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi jioni.

"Saa kumi! Saa kumi sisi tushatoka pwani, tushapika, tushakosha vyombo, mgongo umetuuma tumejinyoosha. Ungekuja saa tatu asubuhi usingemkuta mtu nyumbani ukamwandika kuwa kalala."

Hakunitukana. Alinielekeza, kama mtoto aliyekosea njia. Siku nilizokuwa pale zilikuwa siku za bamvua, mwezi umeandama karibuni. Pwani ile, bamvua likiingia, maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Yakipwa, bahari huondoka kilomita nzima na zaidi hadi kule kwenye mwamba, na chini yake kinachobaki si mchanga mtupu. Ni mashamba. Vigingi, kamba zimefungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba umefungwa mwani, shina kwa shina. Kilimo hicho cha biashara kilianza pwani ile mwaka 1989, Paje na Jambiani zikiwa za mwanzo, na wanaokifanya wengi ni wanawake. Wanaingia maji yakiwa magotini, wanainama, wanafunga, wanavuna, wanabeba gunia la majani yaliyolowa maji ya chumvi. Wengine wanafukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, miezi kadhaa, kisha wanayafukua na kuyaponda yatoe usumba wa kusokotea kamba. Wengine wanachokoa pweza. Kila siku maji yanachelewa kwa dakika kama 50, kwa hiyo ratiba inasogea nayo, na yakija maji mafu, kazi za pwani hupungua zikabaki za nyumbani na za kukausha. Halafu mwandishi anatoka bara anaandika kwamba watu hawa hawashindani na saa.

Watalii wanaoandika maoni yao kuhusu Jambiani wana lalamiko moja linalojirudia: bahari inapotea, mtu hawezi kuogelea mchana kutwa. Soma tena sentensi hiyo ukiwa mwanamke mwenye kamba zako kule. Inapopotea kwake ndipo inapofunguka kwako.

Na hata shamba hilo lina maradhi yake. Ile aina ya mwani yenye bei nzuri, wanayoiita kotonii, imekuwa ikifa kadiri maji ya bahari yanavyopata joto, wakabaki na spinosum ya bei ndogo. Kilo nzima ya mwani mkavu hainunui chupa ya maji ya kunywa kwenye hoteli iliyo mita 30 kutoka kwenye kamba zake. Hili ni la kuandikwa. Mimi niliandika paka.

Baada ya simu ile nilirudi kusoma, kwa sababu nilitaka kujua kama ni mimi tu. Si mimi tu, na hapo ndipo nilipokutana na kwetu. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakata Ugogo kuelekea Tabora na Ujiji. Tuna maandishi ya Kiswahili ya watu wa njia hiyo: maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe, na zile safari zilizokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa Göttingen mwaka 1901. Fasihi ya safari ya Kiswahili ipo, tena ya zamani, asitudanganye mtu kwamba ni kitu cha Wazungu. Ila tazama inavyotuona sisi wa uwanda huu. Katika simulizi za njia ile, za Waswahili na za Wazungu, Ugogo ni pori la Marenga Mkali lisilo na maji, ni kiu, na ni hongo. Watemi wakorofi wanadai nguo na waya ndipo wakupitishe.

Sasa mwulize Mgogo. Nchi ya mvua moja kwa mwaka, visima vimechimbwa kwa mikono, ng'ombe wanangoja zamu. Ghafla unatokea msafara wa mamia ya watu, wote wana kiu, na wanahitaji nafaka juu yake. Watakunywa bure? Msafiri aliona unyang'anyi, mwenyeji aliona bei ya maji. (Siku hizi mgeni kutoka nje akiingia Zanzibar analipa bima ya dola 44, ilianza Oktoba 2024, na hakuna anayeandika kwamba wenyeji ni wakorofi. Hongo ikilipwa mtandaoni inapata heshima.)

Kwa hiyo sisi watu wa Dodoma tunajua kabisa ladha ya kuandikwa na mpita njia. Tumeandikwa kiu, tumeandikwa vumbi, mji wetu umekuwa makao makuu na bado wanaohamishiwa huku wanauandika kama adhabu. Ajabu ni kwamba zamu yetu ya kushika kalamu ilipofika, tuliigeuzia pwani kalamu ile ile.

Na hatuna kisingizio cha kukosa vitabu. Pwani ilishajieleza. Adam Shafi aliandika Kuli mwaka 1979, jasho la wabeba mizigo bandarini na mgomo wao. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa Kasri ya Mwinyi Fuad, watwana wa mashamba na bwana wao. Mohamed Suleiman Mohamed na Nyota ya Rehema, 1976, urithi na ardhi iliyoporwa. Said Ahmed Mohamed na Utengano, 1980. Vitabu hivi tumevisoma sekondari, tumevijibia mitihani, tumetoa mifano ya dhamira mpaka tumechoka. Ni nani humo amelala? Kila ukurasa mtu anabeba, anadaiwa, anapigana, anapanga. Halafu mwanafunzi aliyepata alama ya juu kwa kuchambua Kuli anashuka botini na anachokiona ni usingizi. Mwanafunzi huyo ni mimi, nilihitimu Chuo Kikuu cha Dodoma na cheti ninacho.

Nadhani sababu ni kwamba tumejifunza kuandika riwaya kwa kusoma riwaya, lakini safari tumejifunza kuziandika kwa kusoma matangazo. Hata maneno yetu yametoka huko. Chukua "hakuna matata". Kaa siku tatu Unguja uhesabu ni mara ngapi mwenyeji anamwambia mwenyeji mwenzake hivyo. Utasikia hamna shida, utasikia si neno, utasikia hapana taabu. Lile jingine ni la kumwambia mgeni, na Marekani limesajiliwa kama alama ya biashara na Disney. Tunaliandika bila haya kwenye makala za Kiswahili, zinazosomwa na Waswahili.

Kuna msomaji wa vitabu mwenzangu, tunabishana naye mara kwa mara, aliyeniambia nilipomweleza haya: mtu amefanya kazi mwaka mzima, kalipa fedha yake, mwache apumzike, usimbebeshe madarasa ya mwani. Hoja yake ni nzito kuliko anavyojua. Katika watu wote ninaowafahamu, anayestahili kupumzika ni mama yangu. Ninataka akae chini ya mnazi asifanye kitu siku nne nzima, na atakayempa jembe tutagombana. Ninachokataa ni ile imani kwamba ili mama apumzike lazima watu wa Jambiani waonekane wamepumzika naye. Anaweza kukaa chini ya mnazi akawaangalia wanawake wenzake wakiinama kwenye kamba, akajua wanachofanya, na kumjua mmoja wao kwa jina. Nina hakika atapumzika vizuri zaidi. Mtu aliyelima hapumziki kwa kudanganywa kwamba kulima hakupo.

Hoja ya ajira siibishi. Hoteli zinaajiri, vijana wa Jambiani wanajenga nyumba kwa fedha hizo. Tuendelee.

Kitu kingine ni uvivu. Huku bara "mtu wa pwani" ni utani tayari: mvivu, mwenye maneno mengi, anayependa kivuli. Na wao wana neno lao kwa ajili yetu, la kale, washenzi. Abdulrazak Gurnah amelionyesha bila kulipaka sukari katika Paradise, kitabu cha 1994 ambacho tangu 2022 tunacho kwa Kiswahili, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Msafara unaingia bara na kila anayekutwa njiani ni mshenzi mpaka athibitishe vinginevyo. Nilikisoma nikiwa Dodoma, nimekaa karibu na njia yenyewe, na nilijisikia vibaya sana. Lakini ukishajisikia vibaya ni lazima ujiulize wewe unamwitaje mwenzako. Mimi nilimwita aliyelala.

Mfano mwema tunao, tena wa hapa hapa. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, 1917, Mgogo. Alitangulia kuwaandika watu wake, historia, mila na desturi za Wagogo, kwa Kiswahili, mwaka 1954. Kisha akaingia katika ushairi, nyumba ya watu wa pwani yenye vina na mizani na walinzi mlangoni. Hakuingia kama mtalii. Alijifunza kanuni za ndani, akabishana na malenga kwa silaha zao, akatoa diwani, na mwishowe akawapa ngonjera ambazo kila shule ya nchi hii imeziimba. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya yeye kufariki mwaka 1969. Leo anayepita Ihumwa anaona malori na njia ya kwenda mji wa Serikali. Sijakutana bado na mtu aliyefunga safari kwenda kuona alikozaliwa. Haya, hilo nalo mtaniandikia.

Basi mpango wetu umekuwa hivi. Tarehe nilizokuwa nimechagua mwanzo nimezifuta, maana nilizichagua kwa kuangalia likizo yangu. Sasa tunakwenda baada ya mavuno, uwele ukiwa umeshaingia ghalani na mama akiwa na amani, na nimeangalia mwezi: tutafika siku mbili kabla haujawa mpevu, ili bamvua litukute pale. Upepo utakuwa wa kusi. Treni ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar, kulala kwa binamu Buguruni, boti ya asubuhi, kisha daladala namba 309. Mama amesisitiza kwanza tupite Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana, kwa kuwa yeye ni Mwanglikana wa Mvumi na hawezi kufika mji wenye kanisa kuu akalipita. Nilimweleza kwamba kanisa lile lilijengwa palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873, na kwamba wengi walioletwa pale walitembezwa kwa njia inayopita huku kwetu. Alinyamaza muda mrefu akichambua mlenda.

"Kwa hiyo wa huku walishafika," akasema.

Tunafikia kwa yule shangazi. Tumekuwa tukipigiana simu tangu ile siku, miaka yote hii, na nilipomwambia namleta mama alikataa habari ya nyumba za wageni. Mimi nitapanga kwa mpwa wake, mama atalala kwake. Wameshaongea wenyewe mara mbili, Kiswahili cha mama kimejaa Cigogo, cha mwenzake kimejaa Kimakunduchi, na wanaelewana kuliko wanavyonielewa mimi. Mama anapeleka unga wa uwele, mlenda mkavu na zabibu. Mwenzake ameagiza jambo moja tu: mama aje na viatu vikuukuu asivyovionea uchungu, kwa sababu saa tatu asubuhi wanaingia naye majini.

Nimemwambia mama kwamba tulikubaliana siku nne za kupumzika. Ameniuliza kama kule jembe linaingia majini au wanatumia mikono.